Urefu wa Mkia wa Shela: Upi Unafaa kwa Harusi ya Namna Gani

Bibi harusi anapokwenda kuchagua shela, kwanza hutazama kifua na mikono, kisha kiuno, na mkia huja mwisho, mara nyingi baada ya bei kukubaliwa na amana kulipwa. Mimi ningeomba uanze na mkia. Kazi yangu ni kushona na kurekebisha mashela hapa Dar es Salaam, na mengi ya yale ninayoletewa siku ya Jumatatu yakiwa yamechanika hayakuchanika kwapani wala kwenye zipu, bali kule nyuma, ambako mkia ulikutana na sherehe isiyo na nafasi ya kuubeba. Urefu wa mkia ndio unaotangaza uzito wa shughuli kabla bibi harusi hajageuza uso, na ndio unaoamua kama atatembea kwa raha au atakwenda akiangalia nyuma.

Kwa kuwa neno shela watu wengine hulitumia kwa gauni lenyewe na wengine kwa kitambaa cha kichwani, katika mwongozo huu shela ni gauni, na kitambaa cha kichwani ni utaji. Jambo la pili la kuwekana sawa ni kipimo. Wapo wauzaji wanaopima mkia kuanzia kiunoni, na wapo wanaopima kuanzia pale pindo linapogusa sakafu nyuma ya kisigino, kwa hiyo mkia unaoitwa wa mita mbili dukani unaweza kuwa na mita moja tu inayoburuta. Muulize muuzaji anapima kutoka wapi, kisha tandika shela sakafuni na upime mwenyewe. Vipimo vyote vya mikia nitakayoipanga hapa ni vya sehemu inayolala sakafuni, nami navitaja kwa makadirio, maana kila mshonaji ana mkono wake.

Desturi ya mkia mrefu ilitoka katika majumba ya kifalme ya Ulaya, ambako kitambaa kirefu kilichoburutwa ovyo kilionyesha kwamba mvaaji ana mali na ana watu wa kumtumikia. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1840 mkia wake ulikuwa na mita 5.5 hivi, ukabebwa na mabinti 12, ambao walijikuta wakikanyagana kwa sababu kitambaa hakikuwatosha wote. Diana alipoolewa na Mwanamfalme Charles wa Uingereza katika Kanisa Kuu la St Paul's, London, mwaka 1981 mkia ulifika mita 7.6, na taffeta ile, kitambaa cha hariri kinachokunjamana upesi, ilishuka kutoka kwenye gari la farasi ikiwa imejaa mikunjo iliyoonekana duniani kote. Miaka 30 baadaye, mwaka 2011, Catherine Middleton, akienda kuolewa na Mwanamfalme William, mwana wa Diana, aliingia kanisa la Westminster Abbey, London, na mkia wa mita 2.7 tu, na hakuna aliyesema kwamba harusi ile ilipungukiwa heshima. Ninautaja mfano huu kwa kila mteja anayeniambia kwamba kadiri mkia unavyozidi ndivyo harusi inavyokuwa kubwa. Hata katika harusi ya kifalme, mkia unatakiwa kulingana na jengo, gari na mikono ya watu waliopo.

Hapa kwetu siku ya harusi haina sakafu moja. Bibi harusi hushuka garini kwenye uwanja wa kanisa wenye pevingi au vumbi, huingia kwenye vigae, hutoka kwenda kupiga picha bustanini au ufukweni, huzungushwa mjini nyuma ya matarumbeta, kisha huingia ukumbini kwa kuserebuka, akiwa amezungukwa na watu wanaocheza hatua moja kutoka kwenye pindo lake. Nimeipanga mikia kwa kuangalia siku hiyo nzima, na si dakika kumi za kuingia kanisani peke yake.

Nafasi ya kwanza naupa mkia wa kikanisa, ule unaolala sakafuni kwa kati ya mita moja na mita moja na nusu. Huu unatosha kwa misa ya ndoa na kwa ibada ya usharika wenye watu wengi, unaonekana wazi ukitazamwa kutoka viti vya nyuma, na maharusi wanapopiga magoti mbele ya altare unafunika ngazi moja au mbili kwa namna inayopendeza sana kwenye picha. Mwanamke mmoja, yaani matroni, anaweza kuunyoosha peke yake bila kuita msaada. Sifa yake kubwa zaidi ni kwamba unakunjika. Fundi anaweka vishikizo vidogo vitatu hadi vitano chini ya kiuno kwa nyuma, na vitanzi katikati ya mkia, na maharusi wakifika ukumbini mkia unanyanyuliwa na kufungwa mpaka pindo lote linakuwa sawa na sakafu. Njia nyingine ni kufunga kwa ndani, kwa tepe za rangi mbalimbali zinazofungana jozi kwa jozi, ambayo huacha umbo la mawimbi nyuma na kuficha vishikizo. Ukinunua shela la mkia huu bila kupanga namna ya kuukunja, umenunua nusu ya shela. Vishikizo viwekwe kwenye mshono wenye nguvu, na ndani yake fundi ashonee kipande kidogo cha kitambaa kigumu, kwa sababu kishikizo kilichoshonwa juu ya leisi tupu hung'oka mtu wa kwanza anapokanyaga.

Nafasi ya pili ni mkia wa kubandua, unaoshikizwa kiunoni au mabegani kwa ndoano na vishikizo, na kuondolewa wote baada ya ibada. Kwa harusi ambayo kanisani ni ya kiheshima kabisa na ukumbini ni ya kucheza hadi usiku wa manane, huu ungeweza hata kushika nafasi ya kwanza, na kwa mwenye kipato cha kawaida unamwepushia gharama ya gauni la pili la kubadilisha. Nimeushusha kwa sababu ya kazi mbovu ninayoiona. Mikia mingi ya kubandua inayouzwa ikiwa tayari imeshikizwa kwa ndoano mbili tu, ilhali uzito wote unavuta kuelekea chini na nyuma, kwa hiyo kiuno cha shela hushuka, kifua nacho hufuata, na bibi harusi hupandisha gauni kwa viganja mbele ya wageni. Dai ndoano zisizopungua sita zilizoenea kiuno kizima, na rangi ya mkia ulinganishe na ya gauni ukiwa nje juani. Chini ya taa za dukani nyeupe zote hufanana.

Ya tatu naipa mikia ya kufagia, ambayo huzidi sakafu kwa sentimita 15 hadi 30 tu. Kwa ndoa ya bomani, kwa ibada ndogo ya familia, kwa wanaobariki ndoa baada ya miaka mingi ya kuishi pamoja, na kwa chakula cha jioni chenye wageni wachache, hakuna kinachofaa kuliko huu. Ofisi ya msajili ni chumba chenye meza, viti na watu wachache wanaosubiri zamu yao, na mkia wa mita moja humo huishia chini ya miguu ya kiti cha shahidi. Hata hivyo usidanganyike kwamba ni mkia wa ufukweni. Mchanga mbichi hupanda kwenye pindo kama sementi, na bibi harusi anayefunga ndoa kando ya bahari, iwe Bagamoyo au Zanzibar, ni bora avae shela linaloishia juu ya kifundo cha mguu, lisilo na mkia kabisa.

Mkia wa kanisa kuu, wenye mita mbili au zaidi kidogo, nimeuweka nafasi ya nne, ingawa ndio unaoombwa zaidi na wasichana wanaokuja na picha kwenye simu. Si mbaya. Katika jengo kama Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu au Kanisa la Azania Front hapa mjini, lenye dari la juu na ujia mrefu wa katikati, na ndoa yenyewe ikiwa imepewa ibada yake peke yake, mkia wa namna hii unakaa mahali pake. Lakini makanisa mengi hufungisha ndoa kadhaa katika ibada moja, na maharusi wanne wakipangwa mstari mmoja mbele ya altare, mwenye mkia wa mita mbili humnyima mwenzake pa kusimama.

Mwaka mmoja, Jumamosi ya masika, nilimsindikiza kanisani mteja niliyemshonea mkia wa mita mbili wa neti yenye maua ya leisi. Waliopangwa kuubeba walikuwa watoto wawili wa miaka mitano. Kutoka mlango wa gari hadi mlango wa kanisa palikuwa na hatua kama 30, na kati yake vidimbwi vitatu. Kwenye kidimbwi cha pili mtoto mmoja aliachia ili ashike gauni lake mwenyewe. Neti hunywa maji kama sifongo. Alipofika mbele, weupe wa nyuma ulikuwa wa rangi ya chai mpaka usawa wa magoti, na kwenye vigae alikuwa ameacha mstari wa maji mwembamba kutoka mlangoni hadi altareni, ambao mzee wa kanisa aliufuata na tambara polepole ili mtu asiteleze. Nilipiga magoti nyuma yake nikiukamua mkia kwa leso yangu wakati kwaya ikiimba. Ile shela niliishona mimi, na sikuwa nimemuuliza hata mara moja gari litasimama wapi. Tangu siku hiyo, kabla ya kukata kitambaa cha mkia mrefu, nauliza uwanja wa kanisa ukoje, ndoa ni ya mwezi gani, na ni watu wazima wangapi watakaoubeba. Jibu la swali la mwisho lisipofika wawili, nashauri mkia wa kikanisa.

Upo mkao mmoja ambao mkia huu mrefu naupandisha mpaka nafasi ya kwanza bila kusita, nao ni sherehe za akina mama wa Kiislamu za pwani, kama kupamba kunakofanyika Mombasa. Nikaha yenyewe mara nyingi hufungwa bibi harusi akiwa mbali na mkusanyiko wa wanaume, kwa hiyo shela halina kazi pale. Heshima ya shela huonekana ukumbini mbele ya wanawake, ambapo bibi harusi huingia taratibu, huketishwa jukwaani, na wote huja kumtazama, hina, vito na nguo. Huko hatembei sana wala haserebuki katikati ya watu. Mkia hutandazwa juu ya ngazi za jukwaa na hukaa hivyo hivyo, kila ua la leisi likionekana. Mita mbili na nusu hapo si nyingi, mradi jukwaa lina kina cha kutosha, na jambo hilo mpambaji wa ukumbi anaweza kukupimia kwa futi kamba siku moja kabla.

Mwisho kabisa nimeuweka mkia wa kati, ule wa nusu mita au zaidi kidogo, na najua wauzaji wengi hawatakubaliana nami, kwa kuwa ndio wanaousifu kwamba unafaa kila mahali. Uzoefu wangu ni kwamba ni mfupi mno kutandazwa ukapendeza kwenye ujia wa kanisa, na ni mrefu mno kusahaulika. Wageni huuona mkia wa mita moja na nusu wakaukwepa, lakini huu hawauoni, na bwana harusi mwenyewe ndiye huukanyaga zaidi, hasa wakati wa kukata keki. Kama umekwisha kuununua, mpe fundi aupunguze uwe wa kufagia. Kazi hiyo si kubwa ikiwa pindo halina mpaka wa leisi. Likiwa nao, leisi italazimika kubanduliwa na kushonwa upya, na gharama hupanda. Mikia ya mita tatu na kuendelea sijaipanga popote, maana anayeihitaji ana mshonaji wake na watu wa kuibeba.

Kitambaa nacho kina sauti katika uamuzi huu. Satini nzito hulala vizuri na hairukiruki, lakini mkia wa mita mbili wa satini huvuta mabega kufikia saa ya pili ya sherehe. Neti ni nyepesi, ila hunasa kwenye pevingi, kwenye miiba ya bustani na kwenye nyuzi za zulia. Kwa ukumbi wenye zulia jekundu la kukodi, ambalo mara nyingi ni gumu na lina kingo zilizonyanyuka, chagua mkia wenye bitana laini chini.

Utaji usigombane na mkia. Ama uishie kwenye ncha za vidole vya mikono, ama uupite mkia kwa sentimita 20 hivi. Utaji unaoishia katikati ya mkia huukata vipande viwili machoni pa anayetazama kwa nyuma.

Unapokwenda kujaribu shela mara ya mwisho, nenda na viatu utakavyovaa siku yenyewe, kwa sababu kisigino kikipungua kwa sentimita tano mkia unaongezeka na pindo la mbele linakuwa la kujikwaa. Nenda pia na matroni wako. Afunge mkia na kuufungua mara tatu mbele ya fundi, bila kusaidiwa, huku mtu akipima muda. Akizidi dakika tano, vishikizo viongezewe alama za uzi wa rangi. Panda ngazi, keti, geuka kwa kuzunguka duara pana badala ya kujipinda papo hapo. Kisha ingia ndani ya gari halisi litakalokubeba, na ujifunze kuukusanya mkia mapajani kabla ya kukaa.

Anayekodi badala ya kununua aombe mkataba wa maandishi unaotaja mkia kwa jina lake. Duka lieleze uchafu wa kawaida wa pindo ni upi na doa la kutozwa fidia ni lipi, na mkia upigwe picha, umetandazwa wote, mbele ya mwenye duka siku ya kuchukua na siku ya kurudisha. Ukikuta tayari una sehemu iliyoshonewa kiraka au leisi iliyolegea, iandikwe kwenye mkataba huo kabla hujatoka mlangoni.