Soksi za kubana ndani ya arubaini: uzoefu wangu

Nimezivaa soksi hizi miezi minne. Ni zile nene za kubana zinazoishia chini ya goti, nguvu ya mbano 20–30 mmHg (kipimo kama kile cha presha). Nilizinunua kwenye duka la dawa mitaa ya Mwembe Tayari kwa shilingi 3,200.

Nilijifungua kwa upasuaji. Kwetu Mombasa mzazi hulala arubaini: uji wa pilipili manga, maji moto, mkandaji, kitanda. Siku ya 12 shavu la mguu wa kushoto likaanza kuuma kama msuli uliokaza ukakataa kuachia. Kufika magharibi mguu umevimba, ngozi yang'aa, na ukiugusa ni wa moto kuliko mwenzake. Wekundu sikuuona, ngozi yangu ni nyeusi, haujitokezi.

"Mwanangu, mguu huo wataka kukandwa," mamangu akasema, chupa ya mafuta ya nazi i mkononi. Bahati jirani yetu muuguzi alikuwa amekuja kumwona mtoto. Akaomba utepe wa cherehani, akapima mashavu ya miguu yote miwili: wa kushoto umezidi kwa sentimita 4. "Mama, tafadhali msiukande. Ikiwa ni damu iliyoganda, donge laweza kung'oka likapanda mapafuni." Akaniuliza kama napumua kwa shida, kama kifua chachoma, kama nimekohoa damu. Hapana. Lau ningekuwa na hata moja, hatungengoja hata dakika.

Usiku huohuo altrasaundi ilionyesha donge kwenye mshipa wa ndani wa paja. Daktari alinieleza kuwa mimba huifanya damu iwe rahisi kuganda na hukandamiza zaidi mshipa wa upande wa kushoto, na kwamba hatari haiishi mtoto akizaliwa. Wiki 6 za mwanzo ndizo nzito. Wiki 6 ni siku 42. Yaani ni arubaini yenyewe, siku tunazoambiwa tulale! Hilo lilinichoma, kwa sababu hakuna aliyenitajia nikitoka wodini.

Nilidungwa enoxaparin tumboni mara mbili kwa siku, pamoja na vidonge vya warfarin kila jioni, zote dawa za kuzuia damu kuganda, hadi INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) ilipotulia kati ya 2 na 3 ndipo sindano zikaachwa. Dawa zote mbili zaruhusiwa kwa anayenyonyesha. Vidonge nilimeza miezi mitatu. Mchicha sikuuacha, ila nilikula kiasi kilekile kila wiki, maana ukizidisha ghafla dawa hupungua nguvu.

Sasa soksi. Haziyeyushi donge, na asikudanganye mtu. Kazi hiyo ni ya mwili wenyewe, nazo dawa huzuia donge lisikue. Kwangu zimeondoa uvimbe wa jioni na ule uzito wa kuburuta mguu. Jozi ya kwanza muuzaji alinipa kwa kuuliza namba ya kiatu, ikanikata chini ya goti hadi nikairudisha. Kipimo sahihi ni mzunguko wa kifundo na wa shavu la mguu, tena asubuhi kabla hujavimba. Mwenye kisukari, au ambaye damu haifiki vizuri miguuni, asizivae bila kuonwa na daktari.

Kuzivaa nimejifunza kutumia glovu za kuoshea vyombo, la sivyo hazipandi. Joto la kaskazi linazifanya zichome kufika adhuhuri. Nilipomaliza arubaini na kurudi kwenye swala, kuzivua kwa udhu na kuzirudisha mguu una maji ikawa kazi ya robo saa. Siku hizi naukausha kabisa na kupaka poda. Nazifua kwa mkono, nazianika kivulini. Nazipa nyota 4.

Wifi yangu anajifungua mwezi ujao. Mamangu ameshamwambia kila saa atainuka atembee ukumbini, na akiwa kitandani azungushe vifundo. Utepe wa cherehani ameuweka pamoja na chupa ya mafuta ya nazi.