Siku tatu kambini Devils Garden, Arches: unacholipia hasa ni alfajiri

Mwezi wa Aprili mimi, dada yangu na shemeji tulilala siku tatu kwenye kambi ya Devils Garden. Ndiyo kambi pekee iliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arches, jimbo la Utah, Marekani. Iko mwisho kabisa wa barabara ya lami, kilomita 29 kutoka getini, na ina viwanja 51 vya kupiga hema. Maji ya kunywa yapo, vyoo vipo, na kila kiwanja kina meza na jiko la chuma la kuchomea. Bafu hakuna, umeme hakuna, na ndani ya hifadhi nzima hakuna pa kununua chakula, kwa hiyo tulijaza gari Moab, mji ulio karibu na geti, kabla ya kupanda.

Sasa nieleze kwa nini nasema usilale Moab ukaja asubuhi kama wengi wanavyofanya.

Siku ya pili tuliamka saa 11 alfajiri, tukanywa chai tukiwa tumesimama kwa baridi, na saa 12 tulikuwa tayari kwenye njia ya kwenda Landscape Arch, mojawapo ya matao ya mawe ya asili yaliyoipa hifadhi jina lake. Njia inaanzia karibu na kambi, na hadi kwenye tao lenyewe ni kama kilomita 3 kwenda na kurudi. Mwanzoni unapita katikati ya kuta mbili za mawe zilizosogeleana, kiasi kwamba nyayo zako zinasikika mara mbili. Hatukukutana na mtu. Jua lilipotoka lilianzia juu ya mwamba, likashuka polepole, na jiwe lililokuwa kama jivu likawa jekundu mbele ya macho yetu. Kisha tukalifikia tao. Upana wake ni karibu mita 90, na katikati jiwe ni jembamba mno, kama kamba iliyovutwa. Mwaka 1991 kipande cha urefu wa mita 18 hivi kilimeguka upande wa chini wakati watu wamepumzika chini yake. Walisikia jiwe likilia, wakakimbia, wakanusurika. Tangu hapo njia ya kupita chini ya tao imefungwa, na ukisimama pale kwenye uzio huna haja ya kuuliza sababu. Dada yangu alikaa kwenye benchi muda mrefu bila kusema neno, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Tuliporudi saa 3 asubuhi maegesho yalikuwa yamejaa na magari yanazunguka yakisubiri nafasi. Mwamba ni uleule na njia ni ileile, ila kulikuwa na mistari ya watu na sauti za watoto kila upande. Wana haki ya kuwepo kama sisi. Lakini yale masaa matatu ya kwanza hayauzwi getini. Anayapata aliyelala ndani.

Usiku wa kwanza, hata hivyo, ulikuwa mgumu, na hapa nataka msomaji asikilize vizuri. Majira ya kuchipua ndiyo majira ya upepo katika jangwa lile. Tulifika jioni kukiwa kumetulia, tukasimamisha hema kwa vile vigingi vyembamba vilivyokuja nalo, vya kama unene wa penseli. Ardhi ya kiwanja ni mchanga laini juu, mwamba chini. Kigingi kinaingia nusu, kinagonga jiwe, basi. Upepo ulianza kama saa 5 usiku. Kigingi cha kwanza kilichomoka, cha pili kikafuata, na upande mzima wa hema ukatulalia usoni. Nje nilimsikia dada akipiga kelele, "Shemeji yako ameshika kamba peke yake, toka umsaidie!" Nikatoka. Tulifunga kamba mbili kwenye magurudumu ya gari na mbili kwenye madumu ya maji ya lita 20, na hapo hema likatulia. Kwenye miti hatukufunga. Mireteni ya pale ni mifupi, inakua taratibu sana, na tawi moja lililovunjika ni hasara ya miaka mingi.

Mchanga nao ulipita kwenye neti ya hema usiku kucha, laini kama unga. Ulikuwa kwenye mfuko wa kulalia, kwenye sufuria, kwenye meno. Lawama zote naziweka kwenye vigingi vile na kwenye hema letu, ambalo lina neti kuanzia kiunoni hadi juu. Hema la jangwani linataka kitambaa kizito pembeni na neti ndogo juu, na vigingi virefu vyenye bapa vinavyoshika mchanga. Ukikosa, beba mifuko mitupu uijaze mchanga hapohapo kiwanjani kwako, uitumie kama nanga, na ukiondoka uumwage palepale ulipoutoa.

Jambo jingine ni baridi. Mchana tulivaa fulana, usiku tukavaa kila tulichobeba. Tofauti ya digrii 20 za selsiasi kati ya saa 9 alasiri na alfajiri ni ya kawaida kule, kwa sababu hewa ni kavu na hakuna mawingu ya kuzuia joto lisiondoke.

Saa za adhuhuri tulikaa kambini, tukiegemea ukuta wa mwamba wenye kivuli. Nilipitisha kiganja kwenye jiwe nikaona chembe zimebaki mkononi, nyekundu. Ni mchanga wa kale ulioshikamana, na rangi ni kutu ya chuma. Chini kabisa ya hifadhi kuna tabaka nene la chumvi lililoachwa na bahari iliyokauka kama miaka milioni 300 iliyopita. Uzito wa mawe juu yake uliifanya chumvi ile isogee na kuvimba, nayo mawe yakapasuka kwa mistari iliyo sambamba. Maji yakaingia kwenye nyufa, yakayeyusha kinachoshikilia chembe, wakati wa baridi yakaganda na kupanua. Nyufa zikawa vichochoro, katikati zikabaki kuta nyembamba, na pale ukuta ulipotoboka pakawa tao. Yamehesabiwa zaidi ya 2,000. Skyline Arch, ambalo unaliona ukiwa kambini, uwazi wake ulikuwa nusu tu ya ulivyo sasa hadi mwaka 1940, siku jiwe kubwa lilipodondoka. Kulijua hilo kulibadilisha namna nilivyoligusa lile jiwe.

Kuna kitu kimoja ambacho wageni wengi wanakikanyaga bila kujua. Pembeni ya njia utaona udongo mweusi wenye vinundu, kama mkate ulioungua. Ule udongo uko hai. Umefumwa na viumbe vidogo mno, bakteria, kuvu na mimea midogo, na ndivyo vinavyozuia jangwa zima lisipeperuke. Shemeji alitaka kukatiza apige picha, nikamwambia, "Shemeji, simama hapohapo!" Akasimama, tukamwelekeza arudi kwa nyayo zake zilezile. Hatua moja pale inaweza kuchukua miaka mingi kupona. Tembea kwenye njia, kwenye mwamba, au kwenye mkondo wa mchanga uliokauka. Naliomba hili kwa dhati kuliko jingine lolote humu.

Jioni hatukuwasha gari kabisa. Kambini kuna njia ya kwenda Broken Arch (halijavunjika, lina ufa juu tu) na ukiendelea unafika Sand Dune Arch, lililojificha kati ya kuta mbili ndefu. Mchanga wa pale haupati jua muda mrefu, tukavua viatu na ulikuwa baridi kama sakafu ya msikiti. Delicate Arch, lile maarufu, tulikwenda siku ya mwisho: kilomita 4.8 kwenda na kurudi, kupanda kama mita 146 juu ya mwamba usio na kivuli hata kidogo. Ni zuri, watu ni wengi, beba maji. Sisi tulihesabu lita 4 kwa kila mtu kwa siku na hazikubaki.

Usiku wa pili upepo ulilala. Tangu 2019 hifadhi hii inatambuliwa kimataifa kwa giza la anga lake, na saa 4 usiku kambi nzima inatakiwa kunyamaza. Tulizima tochi. Nilikuwa nimezoea kuziona nyota juu. Pale zilifika hadi chini, zikakatwa na ncha za mawe.

Ukitaka kwenda kati ya Machi na Oktoba, buku miezi 6 kabla kupitia tovuti ya Recreation.gov, na uamke mapema siku ya kubuku maana viwanja vinaisha haraka. Novemba hadi Februari hakuna kubuku, anayewahi ndiye anayepata, ila ujiandae na baridi kali. Sisi tumechagua kurudi Oktoba, kiwanja kilichoegemea mwamba kama kitapatikana. Vigingi vipya, vya upana wa vidole viwili, shemeji ameshanunua.