Mnara wa taa wa Rasi Agulhas: pandeni, na usiku mrudi

Baba yangu alikuwa baharia, na kuhusu minara ya taa alinifundisha jambo moja: taa usiitazame tu, ihesabu. Kila mnara una mwendo wake wa kumulika. Ukiujua, utajua uko wapi hata kama pwani yote imemezwa na giza. Ndiyo maana nilipofika Rasi Agulhas huko Afrika Kusini, ncha ya kusini kabisa ya bara letu, nilitaka kuuona mnara ule mchana na usiku.

Anzeni na makumbusho yaliyo chini, tena msiyapite mbiombio. Mnara huu uliwashwa mara ya kwanza tarehe 1 Machi 1849, na taa yake iliwaka kwa mafuta ya mkia wa kondoo. Hapo nilisimama muda mrefu. Nilimfikiria mtunza taa akikesha na moto wa shahamu, akipangusa masizi, huku meli isiyomjua ikimtegemea. Tena bahari hii haina mchezo. Mwaka 1815 meli iitwayo Arniston ilivunjika upande wa mashariki wa rasi, wakafa watu 372 na kuokoka 6 tu. Kutoka msiba ule hadi taa kuwaka ni karibu miaka 34. Hesabu hiyo iliniuma.

Sasa ngazi. Vidato 71 si vingi, ila vimesimama wima mno, kama ngazi za kupandia darini. Mikono yote miwili iwe huru, kwa hiyo begi libaki chini. Viatu vya kuteleza hapana. Wakati wa kushuka geuza uso uelekee ngazi, ushuke kinyumenyume, na ukisikia mtu anapanda, msubiri. Mwenye magoti mabovu au mtoto mdogo mkononi asijilazimishe, makumbusho peke yake yanatosha safari.

Juu kuna roshani na upepo wa kunyang'anya kofia. Wengi huja wakitarajia kuona mstari baharini pale Bahari ya Hindi inapokutana na Atlantiki. Mstari huo haupo. Mpaka ni wa kwenye ramani, na alama yake ya jiwe iko umbali mfupi wa kutembea kwa miguu. Mimi lililonigusa ni jina: Wareno waliiita rasi ya sindano, kwa kuwa enzi zao sindano ya dira hapa ilielekea kaskazini halisi.

Jambo jingine linalonifanya niupende mnara huu ni kwamba nusura tuukose. Kuta zake zilichakaa hata mwaka 1968 ukaacha kutumika, taa ikahamishiwa mnara wa alumini. Ukakarabatiwa, na mwaka 1988 ukawashwa tena. Waliokataa ubomolewe nawaheshimu sana.

Mchana nilikaa kama saa mbili. Giza lilipoingia nilirudi, nikakaa kwenye mawe ya ufukweni, nikahesabu kama nilivyofundishwa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, mwanga. Moja, mbili, tatu, nne, tano, mwanga. Niliendelea hadi baridi iliponiondoa.