Maabara ya kupima DNA za wadudu Arusha, kwa wanaouliza kama inafaa

Wadau wa kilimo na wanafunzi wenzangu wa mambo ya wadudu, kuna maabara moja hapa Arusha inapokea sampuli za wadudu na kuzipima DNA, nimemalizana nao juzi juzi na watu wananiuliza inboksi kama inafaa, basi naandika hapa mara moja. Inafaa. Ila nenda ukiwa unajua unataka kuuliza nini, la sivyo utalipa hela nyingi upewe orodha ya majina tu.

Swali langu lilikuwa la kantangaze. Huyu ni kipepeo mdogo ambaye kiwavi wake anaharibu nyanya, katokea Amerika Kusini, kwetu akaripotiwa 2014 hapo hapo Arumeru, na toka kipindi hicho mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki anapiga dawa mpaka unamwonea huruma, na kiwavi chenyewe kimejichimbia ndani ya jani dawa haikifikii vizuri. Wanaoumia ni buibui, sisimizi, nyigu na vile vikunguni vya kijani vinavyotembea juu ya majani. Sasa nani kati ya hao anamla kantangaze kweli kweli? Kwa macho huwezi kujua, mengi yanafanyika usiku, afu buibui hatafuni, anafyonza maji maji, hata ukimpasua tumbo huoni mguu wala bawa la kutambua alichokula. Lakini DNA ya mlo inabaki tumboni masaa kadhaa hadi siku chache hivi, inategemea mdudu na joto, na hiyo ndo wanayoitafuta.

Wanachosoma ni kipande cha jeni inaitwa COI, ile ambayo Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza 2003 itumike kutambulisha wanyama. Kipande kizima kina herufi kama 658, ila kwa kitu cha tumboni wanachukua kifupi zaidi maana DNA iliyoanza kusagwa inakuwa imekatika katika. Ukipeleka mbu ni habari nyingine, Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis kwa macho ni wale wale na PCR ya kawaida (kipimo cha kuzidisha kipande cha DNA mpaka kionekane) inawatenganisha, pia wanaweza kukwambia damu iliyo tumboni ni ya ng'ombe au ya mtu. Wenzetu wa Moshi kwenye mashamba ya mpunga hiyo itawafaa sana.

Kilichonifurahisha ni mapokezi. Yaani kabla ya kushika hela yangu dada wa mapokezi alitoa vichupa kimoja kimoja, akaviinamisha kwenye mwanga wa dirisha kuangalia kama kila kimoja kina mdudu mmoja tu, maana ukiwachanganya mmoja anatapika au anamng'ata mwenzake na majibu yanaharibika. Akaangalia na lebo, wanataka karatasi iliyoandikwa kwa penseli iwekwe ndani kabisa, wino wa peni unayeyuka kwenye ethanoli. Spiriti ya dukani hawapokei, wanataka ethanoli safi ya asilimia 95 kwenda juu na mdudu aingie humo pale pale shambani kabla hajaendelea kumeng'enya, afu uweke kwenye baridi. Na walipima vichupa vitupu pamoja na vyangu, ili DNA ikionekana kwenye kitupu wajue imeingia kwa uchafu. Jamani hiki kitu ukikosa kwenye ripoti usiiamini.

Mtaalamu wao naye alininyooshea maneno mapema. Idadi ya nakala za DNA zinazosomwa siyo idadi ya wadudu walioliwa, usije ukaandika buibui kala kantangaze kumi. Haisemi kama aliliwa yai, kiwavi au kipepeo. Haisemi kama buibui alimla kantangaze mwenyewe au alimla mdudu mwingine aliyekuwa amemla. Na sisimizi akimla sisimizi wa aina yake hawawezi kuona. Niliheshimu sana hilo, wengine wangenyamaza wachukue chao.

Majibu yenyewe yamenipa raha. Kantangaze ameonekana kwenye matumbo ya vikunguni na ya baadhi ya buibui, nimeshawapelekea wakulima niliokuwa nao na wawili wamekubali kuacha mistari ya pembeni bila dawa tuone.

Sasa lawama. Muda waliosema ulipita sana kwa sababu kusoma DNA kwenyewe kunafanyika nje ya nchi, sawa, lakini simu hazipokelewi na meseji zinajibiwa ukishakata tamaa, hiyo siyo sawa kwa mtu mwenye tarehe ya chuo. Bei wanataja kwa dola unalipa shilingi kwa rate ya siku hiyo, na sampuli ikifeli hawarudishi. Pia majina mengi yaliishia kwenye familia, yaani kundi kubwa tu, spishi haijulikani, hapo siwalaumu wao, wadudu wetu wengi hawajaingizwa kwenye benki za DNA za kulinganishia na hilo linaniuma, tunapeleka swali la Arumeru linajibiwa kwa wadudu wa Ulaya. Waulizeni mapema kama watawahifadhia mabaki ya mdudu, mimi walikubali, na hayo yanaweza kupelekwa kwa mtaalamu wa kutambua kwa umbo ili jina lipatikane baadaye.

Nyota nne. Ile moja ni ya simu.