TAHADHARI: Dada anayeuza fungate za Jamaica kwenye magrupu yetu ni tapeli

Yule dada anayeposti vifurushi vya fungate Montego Bay kwenye magrupu ya Watanzania wa Texas ni mwizi. Sio kwamba "biashara imemwendea vibaya" kama anavyowapigia watu simu kujitetea sasa hivi. Mwizi. Jina siliandiki kwa sababu mwanasheria kanikataza mpaka kwanza tufungue kesi, ila wengi wenu mmeshamjua.

Ya harusi sirudii, mlikuwepo. Na hela ya kamati ya harusi iliyobaki mnajua ilipangiwa fungate yetu, maana mwenyekiti alitangaza kwa maiki na mkapiga vigelegele. Hela ile ndiyo aliyokula. Dola 2,600, bila nauli ya ndege. Tiketi tulijikatia wenyewe Houston kwenda Montego Bay, na ndio maana ndege ilikuwepo na kiti kilikuwepo.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "kwani hamkuchunguza?" Tulichunguza. Aliyetuunganisha naye anajijua, nimeshamalizana naye, na yeye alikuwa na nia njema. Alimwona huyo dada akiwakatia watu tiketi za Dar na wakafika. Mimi niliongea naye kwenye simu mara nyingi, sauti ya mtu mzima, mpole, anakuita "wifi yangu" kabla hajajua hata unaolewa na kabila gani. Siku namtumia nusu ya kwanza aliniombea kwenye simu. Aliombea ndoa, akaombea safari, akaombea tumbo langu. Nilisema amina.

Alinitumia video ya chumba: kitanda kimepambwa maua, pazia linapepea, bahari ya kijani kule nje. Akatuma namba ya usajili ya wauza safari wa Florida, zile zinazoanza na ST, akanieleza kabisa kwamba kule wanasajiliwa na Idara ya Kilimo. Nikaona kituko, nikaenda kutazama, ni kweli Florida wauza safari wako chini ya Idara ya Kilimo. Sasa mtu anayejua hayo utamdhania tapeli? Kumbe namba ni ya kampuni nyingine kabisa, ya watu wasiomjua. Hilo tumeligundua tumesharudi.

Na hapa ndipo nataka mnisome vizuri. Nilipiga simu hotelini. Mimi mwenyewe, namba nimeitoa kwenye tovuti yao, sio aliyonipa yeye. Nikawasomea namba ya uthibitisho wa nafasi aliyonitumia huyo dada. Mpokezi akanitajia jina langu, jina la mume wangu, tarehe ya kuingia na ya kutoka, chumba kinachotazama bahari. Akanipongeza kwa ndoa! Nikakata simu nikamwambia mume wangu, "Mtumie iliyobaki." Niambieni nani kati yenu angeuliza zaidi ya hapo.

Tumefika Sangster, uwanja wa ndege wa Montego Bay. Yule dada alisema dereva atakuwa nje na bango la majina yetu. Tukatoka, madereva wamejipanga na mabango, sisi tunasoma moja moja, tunarudi tunasoma tena. Bango letu hakuna. Nikampigia, hakupokea, ikaja sauti ya WhatsApp: "Wifi yangu, dereva kapata pancha, pandeni teksi, risiti nitunzie nitawarudishia." Bado sauti tamu vilevile. Tukapanda teksi yenye namba nyekundu, hizo ndizo zilizosajiliwa, tukaelekea upande wa Rose Hall. Dereva mzee, mcheshi, anatuonyesha viwanja vya gofu. Mume wangu kashusha kioo anarekodi bahari.

Mapokezi ya hoteli ile ni ukumbi mkubwa usio na kuta, upepo wa bahari unapita katikati. Kijana akatupa vitaulo vya baridi vinavyonukia mchaichai na glasi za punchi ya ramu, nyekundu, cheri juu. Mume wangu hanywi, akabaki ameishika kwa heshima. Mbele yetu kulikuwa na Wakanada wawili, nao wa fungate, wanafungwa zile bangili za plastiki za wageni waliolipia kila kitu. Zamu yetu ikafika. Mimi nikanyoosha mkono nifungwe bangili. Nilishaunyoosha, jamani, mkono wenye hina ya harusi, uko juu ya kaunta.

Binti akaandika jina. Akanitazama. Akaandika tena. Akaomba namba ya uthibitisho, nikampa, nimeichapisha kwenye karatasi na nimeiweka kwenye bahasha. Akaisoma, akasema samahani kidogo, akaenda kumwita msimamizi wake. Msimamizi akaja, akabonyeza mara mbili tatu, akageuza skrini tuone wenyewe. Imefutwa. Tarehe ya kufutwa ni kesho yake baada ya mimi kupiga ile simu.

Mume wangu akauliza, "Na hela yetu?" Yule msimamizi akaeleza kwa sauti ya chini, na namshukuru kwa hilo, maana foleni nyuma yetu ilishaanza kunyoosha shingo. Hakuna hela iliyowahi kuingia. Nafasi ilikuwa ya kulipia ukifika, na ya kufutwa bure. Ile karatasi yangu iliyoandikwa "imelipwa yote, deni sifuri" sio karatasi yao. Mtu kachukua uthibitisho halali akabadilisha mistari miwili ya chini.

Chumba kingine? Kipo, zaidi ya dola 600 kwa usiku, Februari ni msimu wao wa juu, watu wanakimbia baridi ya kaskazini. Sisi hatuna hiyo. Mchukuzi alikuwa ameshayapandisha mabegi yetu kwenye kitoroli, ikabidi aitwe ayarudishe, na lile begi kubwa bado lina utepe mweupe mliotufungia nyie wa kamati, limeandikwa "Bwana na Bibi". Tukasimama barabarani nalo.

Nikampigia yule dada. Haikuita. Nikatuma ujumbe, tiki moja. Baada ya muda picha yake ikapotea, nikajua nimeshablokiwa. Jioni ileile binamu wa mume wangu, hajui lolote, ananitumia skrinshoti kutoka grupu jingine: "Wifi zangu, nafasi mbili za mwisho Punta Cana, Jamhuri ya Dominika, wahi." Mtu ameniacha nimekaa juu ya begi kando ya barabara kisiwani kwa watu, yeye anatangaza Punta Cana. Na chini yake watu wameweka mioyo na "nipe bei dada".

Dereva wa kutoka pale alitupeleka nyumba ya wageni mjini, karibu na ufukwe wa Doctor's Cave. Chumba cha feni, safi, mama mwenye nyumba mtu wa watu, hatuna neno naye. Ufukweni unaingia kwa kiingilio, sio kama kwetu Coco. Wale wa Moshi wakawa wanapiga, mama mkwe anataka picha, mwenyekiti naye ananiandikia "tuoneshe hela yetu ilivyofanya kazi". Tukafanya nini? Tukalipa kiingilio, tukapiga picha na maji nyuma, tukaposti. Wale mliosema "hoteli kali hiyo", sasa mnajua. Haikuwa hoteli. Vocha ya boti ya katamarani aliyotupa yule dada tulienda nayo gatini, jamaa akaigeuza mbele na nyuma akaturudishia, hawajawahi kuwa na karatasi ya namna hiyo. Ya chakula cha jioni cha mishumaa sikuwa na nguvu hata ya kuipeleka.

Benki nayo. Tulituma kwa Zelle, ile ya kuhamisha hela moja kwa moja kutoka akaunti yako ya benki kwenda ya mtu, kwa sababu alisema kadi inaongeza asilimia nne. Benki wanasema hela umeituma mwenyewe, hujaibiwa simu, hujaibiwa nywila, kwa hiyo huo ni muamala ulioruhusu na hakuna cha kurudisha. Ingekuwa kadi ya mkopo ningekuwa na siku 60 tangu taarifa ya kadi itoke za kupinga hayo malipo, sheria yake ipo tangu 1974. Yeye anaijua hiyo sheria kuliko mimi. Ndio maana hapokei kadi.

Sasa kuna wazee wameanza kunipigia. "Mwanangu, tuyamalize kifamilia." Kifamilia ya nani? Huyu ni ndugu yangu tangu lini, tangu aliponiita wifi? "Ana watoto." Na mimi nitapata watoto, niwaambie fungate ya baba na mama yao ilikuwa wapi? Mmoja akaniambia nikishtaki nitaiaibisha jumuiya ya Watanzania. Jumuiya imeaibishwa na anayewaibia Watanzania, tena kwa Kiswahili, tena kwa maombi.

Na sitaki arudishe nusu. Ujumbe umekuja kupitia mtu, eti atarudisha kidogo kidogo nikifuta ninayosema. Sifuti. Texas hapa wizi wa kuanzia dola 2,500 ni jinai kubwa, unaenda jela ya jimbo kuanzia siku 180 mpaka miaka miwili, na faini inaweza kufika dola 10,000. Yeye amechukua 2,600. Kwa tamaa ya dola mia ya katamarani ambayo haipo kauvuka mstari mwenyewe. Na utapeli wa kutumia simu na mtandao kwa sheria ya serikali kuu unafika miaka 20. Polisi tumeripoti, FBI tumejaza kwenye ic3.gov, tovuti yao ya kuripoti uhalifu wa mtandaoni, na FTC, tume ya serikali kuu inayolinda wateja, tumejaza pia. Mahakama ya madai madogo ya Texas inapokea mpaka dola 20,000, huko nako tunaenda. Akae ndani. Akitoka asipewe maiki kwenye sherehe yoyote, asipange ukumbi wa mtu, asikusanye rambirambi za msiba wa mtu. Wenye magrupu mnaoendelea kumwacha humo eti "hatujasikia upande wa pili", upande wa pili uko Punta Cana anahesabu hela.

Haya, dalili, maana mmeniomba niziseme. Jina la Zelle halikuwa lake, alisema ni la kampuni ya shemeji yake. Ile video ya chumba ipo kwenye ukurasa wa hoteli yenyewe, mtu yeyote anaichukua. Bei, kwa Februari, kila kitu ndani, chumba cha bahari, ilikuwa chini mno, tukasema anapata punguzo la mawakala. Alikuwa hapendi kuandika, kila kitu sauti, na sauti nyingine alikuwa anazifuta, tukajua ni mtu mzima hajui simu. Anajua simu vizuri sana.

Kubwa kuliko yote ni hili la namba ya uthibitisho. Namba ya kweli haimaanishi imelipwa. Mtu yeyote anaweza kukuwekea nafasi ya kulipia ukifika, ukapiga simu ukakuta jina lako, halafu akaifuta bila gharama. Wakipokea simu hotelini waulize: imelipwa au haijalipwa, imelipwa kwa kadi ya nani, na inaweza kufutwa bure mpaka lini. Piga tena wiki ya kuondoka. Piga tena asubuhi ya kuondoka. Na hiyo namba ya Florida ukipewa, itafute kwenye orodha ya Idara yao ya Kilimo uone imesajiliwa kwa jina gani, ipo wazi kwa kila mtu.

Kuna mabibi harusi wa Desemba hii wameshamlipa, najua wawili na nimewapigia, mmoja ameniambia mimi nina wivu na kwamba dada kamtumia mpaka namba ya uthibitisho. Mdogo wangu, hata mimi alinitumia. Piga hoteli leo uulize imelipwa na nani.

Na wote aliowala mkanyamaza kwa aibu, mko wengi, mmeanza kujitokeza faraghani. Msifute risiti za Zelle, msifute zile sauti hata kama zinawatia kichefuchefu, zihamisheni kwenye simu nyingine au kwenye imeili. Nitumieni tarehe, kiasi, na jina lililotokea kwenye Zelle. Mwanasheria anasema tukiwa wengi mwendesha mashtaka atatusikiliza haraka zaidi. Kwa wanaotaka kunitumia pole, asanteni, ila nitumieni risiti kwanza.