Pikipiki ya Kitaliano kwa fundi wa nyumbani Mwanza: ipi uanze nayo

Nyuma ya nyumba tunayoishi Pasiansi kuna banda la mabati linaloweza kuingiza gari moja. Humo zimo Vespa yangu na Moto Guzzi yangu, na kila Jumamosi nikishatoka kazini ndimo niliko mpaka magharibi. Ufundi sikuusomea. Nilijifunza kwa kufungua, kuharibu na kufungua tena, na kwa kukaa pembeni mwa mafundi wa Nyakato wanaojua kuisikiliza injini kabla hawajashika spana. Watu wananiuliza mara kwa mara wanunue ipi, kwa hiyo nimezipanga hapa, kuanzia ile ninayomshauri mtu aanze nayo hadi ile ninayomwomba asubiri kwanza.

Nimezipima kwa jambo moja: mtu mwenye spana za kawaida na mshahara wa kawaida anaweza kuihudumia mwenyewe mwaka mzima? Mbio na uzuri nimeviweka kando. Boxer na TVS zinazobeba abiria hapa mjini, spea zake unazipata Buzuruga au Igoma jua likiwa limeshazama. Ya Kitaliano haina bahati hiyo. Spea yake inakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, au inaagizwa Nairobi, India, Ulaya. Kusubiri huko ndiko kunakowashinda wengi. Pikipiki inafunguliwa, nati zinapotea moja moja, watoto wanachezea kabureta, na mwisho wake inapimwa kwenye mzani wa chuma chakavu. Nimeshaziona mbili zikiishia hivyo na ziliniuma.

Ya kwanza: Vespa PX, 125 au 150

Hata kama hujawahi kuipanda, undugu nayo unao. Piaggio wa Pontedera walitoa Vespa mwaka 1946, na miaka miwili baadaye wakatoa Ape, chombo cha magurudumu matatu. Bajaj wa India walianza kwa kuunda vyombo hivyo kwa leseni ya Piaggio. Bajaji unayopanda kwenda Kirumba ni mjukuu wa ukoo huo. Kwa mnunuzi undugu huu ni pesa, maana India iliunda scooter za aina hii kwa wingi sana na spea zake bado zinatoka huko kwa bei nafuu. LML, scooter ya Kihindi, ile ya mipigo miwili ni PX kwa karibu kila kitu, na sehemu zake nyingi zinaingia bila kukata wala kuchomelea. Bajaj Chetak inatokana na toleo la zamani zaidi, kwa hiyo spea yake usiinunue kwa macho. Nenda na ile mbovu dukani, uzilaze pamoja, ulinganishe.

PX ilianza kuuzwa mwaka 1977. Injini yake ni ya silinda moja, inapozwa na feni, ni ile ya kuchanganya petroli na oili. Haina valvu za kupima, haina cheni ya kukaza, haina rejeta. Gia nne ziko mkono wa kushoto. Rimu zake zimeunganishwa vipande viwili kwa nati, kwa hiyo tyubu unaibadilisha barazani bila kubandua tairi kwa vyuma. Lakini asikudanganye mtu kwamba inavaa tairi la bajaji. PX inataka 3.50-10, na la bajaji uliyoizoea ni 4.00-8.

Sasa kutu, na hapa nitakaa kidogo. Vespa haina fremu ya mabomba, bodi lenyewe la bati ndilo fremu. Bati likioza, umenunua mfupa uliovunjika. Vespa yangu ya kwanza niliinunua Dar kutoka kwa mtu aliyeipiga rangi mpya ya krimu, inang'aa kama sahani ya harusi. Nilipoifikisha Mwanza nikaiinua, bisibisi ikapenya sakafuni kama inapenya kwenye papai. Chini ya rangi ile kulikuwa na puti tupu. Tangu siku hiyo natembea na sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa. Ipitishe sakafuni, kwenye shingo ya usukani na nyuma ya ngao ya miguu. Ikishindwa kushika, hapo hakuna bati, kuna puti. Upepo wa bahari wa Dar na Tanga una chumvi inayokula bati. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo Vespa iliyoishi miaka mingi Mwanza, Bukoba au Musoma, hata kama rangi imechakaa, naiamini kuliko inayong'aa iliyotoka pwani.

Angalia namba kabla hujatoa hata shilingi. PX 150 nyingi zina chesisi inayoanza na VLX1T na injini inayoanza na VLX1M. Herufi T ni ya telaio, yaani fremu kwa Kitaliano, na M ni ya motore. Zikipishana na kadi, simama hapo hapo. Kisha washa injini ipate joto, vuta moto juu kwa mkono wa mafuta, uachie ghafla. Ikishuka taratibu huku bado inapiga kelele, kuna hewa inaingia mahali isipotakiwa, mara nyingi kwenye oilsili, yaani pete ya mpira inayoziba kando ya shafti, ya upande wa sumaku ya injini. Hewa hiyo inafanya mchanganyiko uwe mkavu, pistoni inapata moto na kugandia ndani ya silinda. Ikitoa moshi mzito usioisha na oili ya gia ikawa inapungua, mkosaji ni oilsili ya upande wa klachi. Kipuri chenyewe ni bei ya soda chache, ila kukifikia lazima injini uigawe nusu mbili. Kwa hiyo bei unayopewa ipunguzwe kwa kazi hiyo.

Oili ni asilimia mbili: mililita 20 kwa kila lita ya petroli, mililita 100 kwa lita 5. Beba chupa yenye alama, usikadirie kwa jicho pale sheli. Baadhi ya PX zina tenki la oili la pembeni linalochanganya lenyewe, kwa hiyo muulize muuzaji kama pampu yake bado inafanya kazi au ilishaondolewa.

Ukianza kuiboresha, anza na kabureta. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar, na kabureta iliyopangwa pwani hapa inamwaga petroli kupita kiasi. Plagi inakuwa nyeusi na yenye masizi. Jeti kubwa, kile kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta, ishushe namba moja, endesha kilomita kadhaa, toa plagi uitazame, na ukome ikifikia rangi ya chai ya maziwa. Ukikutana na weupe umepitiliza, rudisha mara moja, maana jeti ndogo mno inachoma pistoni. Silinda ya cc 177 wanayoifunga wengi ni nzuri, nguvu unaisikia ukipanda mlima, lakini isubiri mpaka oilsili zote ziwe mpya. Nguvu mpya juu ya oilsili za zamani imeua injini nyingi.

Ya pili: Moto Guzzi V7

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nimejizuia nisiiweke juu kwa mapenzi. Moto Guzzi ilianzishwa mwaka 1921 na kiwanda chake kiko Mandello del Lario, mji uliokaa ukingoni mwa Ziwa Como, nyuma yake milima ya mawe. Mtu wa Mwanza, Jiji la Miamba, hahitaji kuelezwa zaidi.

V7 ninayoizungumzia ni ya kisasa, iliyorudi sokoni miaka ya 2000 mwishoni, cc 744. Silinda mbili zimetokeza nje kushoto na kulia, na kwa fundi wa nyumbani hiyo ni zawadi. Kupima tapeti, yaani nafasi ya valvu, huondoi tenki wala rejeta. Unafungua kifuniko, unaweka fila (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), unakaza skrubu na nati yake. Injini iwe baridi kabisa: milimita 0.15 upande wa kuingiza, 0.20 upande wa kutolea. Mara ya kwanza ilinichukua Jumamosi nzima, siku hizi namaliza kabla chai haijapoa. Nguvu inakwenda gurudumu la nyuma kwa shafti, na kwa vumbi la Julai na Agosti katika barabara za Sengerema hiyo ni nafuu kubwa, kwani cheni ingesagwa na mchanga ule.

Ubaya wake upo. Oili ya injini wanayoielekeza ni 10W-60, ambayo huikuti kwenye kila duka, kwa hiyo agiza ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ina injekta na kompyuta, ila kuna programu ya bure iitwayo GuzziDiag inayosoma hitilafu kwa laptopu na waya wake. Jambo zito ni klachi. Ni kavu, ya sahani moja kama ya gari, na kuibadilisha unaitenganisha pikipiki katikati. Ukienda kuinunua, panda nayo kilima cha Bugando kwa gia ya juu na uvute moto. Injini ikipaa lakini mwendo usiongezeke, klachi imekwisha, na bei ishuke sana au uondoke.

Ya tatu: Aprilia Pegaso

Hapa nitakuwa mfupi. Pegaso 650 za zamani zina injini ya Rotax ya silinda moja yenye valvu tano. Ni injini imara, lakini inapozwa kwa maji, ina tenki la oili la pembeni, na kupima valvu zake kunadai uvumilivu. Ukipata Pegaso Strada, iliyotoka mwaka 2005, mambo yanakuwa mepesi kwa sababu injini yake ni ya Yamaha ya cc 660, na jina la Yamaha lina mawakala Tanzania. Hii ni ya mtu anayetaka kwenda Geita na kurudi kuliko anayetaka kukaa bandani. Plastiki zake ndizo zinazosumbua, zikivunjika kuzipata ni kazi, kwa hiyo kagua kila kipande na kila kishikizo.

Ya nne: Ducati Monster

Monster ilitoka mwaka 1993, ikiwa imechorwa na Miguel Galluzzi, na ukiiona imeegeshwa Capri Point jioni unaelewa kwa nini watu wanauza kiwanja. Nimeiweka mwisho kwa sababu moja inayohusu usalama wa mfuko wako. Monster hizi za zamani hazifungi valvu kwa springi, zinaifunga kwa mkono wa pili wa chuma. Mfumo huo unaitwa desmo, na Fabio Taglioni ndiye aliyeusimika Ducati. Kila valvu ina vipimo viwili, cha kufungua na cha kufunga, na kila kipimo kinarekebishwa kwa kipande kidogo cha chuma chenye unene maalumu. Vipande hivyo dukani kwetu havipo. Unapima, unaagiza, unasubiri, unakuta umekosea kwa unywele, unaagiza tena.

Kuna na mikanda ya mpira inayozungusha kemu, zile shafti zinazosukuma valvu. Inabadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama pikipiki ilikuwa imelala tu, kwa sababu mpira unazeeka wenyewe. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Muuzaji asipokuonyesha risiti yenye tarehe, hesabu kwamba mikanda ni ya zamani, na usiiendeshe hata kuifikisha nyumbani. Ipakie kwenye kirikuu. Ukiwa umeshamaliza miaka mitatu na Vespa au Guzzi, na mkono umezoea, itafute inayopozwa kwa hewa, yenye valvu mbili kwa kila silinda, kama M600. Wakati huo nitakuja kukusaidia kushika tochi.

Benelli za siku hizi wengi wananiulizia pia. Kampuni ilizaliwa Pesaro mwaka 1911, lakini tangu 2005 ni ya Qianjiang wa China. Ni pikipiki za kuendesha, na sioni sababu ya kuziweka kwenye orodha hii.

Pesa na vifaa kabla ya safari ya kwanza

Bajeti yako igawe mara tatu, na theluthi moja usiiguse siku ya kununua. Hiyo ni ya spea na vifaa. Ukiagiza kutoka Japani au Uingereza, pata hesabu kamili ya ushuru kwa wakala wa forodha kabla hujatuma pesa. VAT pekee ni asilimia 18, na haiji peke yake.

Spana zetu za Boxer zinafaa kwa sehemu kubwa, kwani Waitaliano nao wanatumia milimita. Ongeza seti ya alleni nzuri, fila, mita ya umeme, na spana ya kupimia mkazo. Hiyo ya mwisho usiibahatishe, kwa sababu injini hizi ni za alumini na nyuzi zake zinang'oka kwa hasira ya dakika moja. Kwa Vespa utahitaji kivutio cha sumaku ya injini, chenye nyuzi za M28x1. Changu nilichongewa Nyakato na fundi wa kerezo kwa kumpelekea kipimo, na kimedumu. Asikushauri mtu uigonge kwa nyundo.

Ukibadilisha rangi au injini, kadi nayo ibadilishwe. Saitimira na indiketa zibaki.

Siku ya kujaribu, usikubali kuzunguka mtaa tu. Vespa ipandishe Bugando kwa gia ya pili na moto wa kutosha. Msalaba wa gia, kipande kinachoshika gia ndani ya injini, ukiwa umelika, gia itaruka hapo hapo, na muuzaji atasikia kama ulivyosikia wewe. Guzzi ipeleke Usagara, uvuke daraja la Kigongo hadi Busisi na kurudi, ndipo utajua kama injini ikipata moto inabaki na adabu ile ile. Mkikubaliana bei, omba ilale usiku mmoja juu ya boksi lililokunjuliwa. Asubuhi nenda mapema kabla mwenyewe hajaliondoa, uhesabu matone, na utazame kila tone limeanguka chini ya sehemu gani.