USGS50, maji ya Kyoga ndani ya ampuli

Kama maabara yenu inapima isotopu (atomi nzito na nyepesi za elementi moja) kwenye maji ya maziwa yetu haya yanayopigwa jua mwaka mzima, hii USGS50, sampuli rejea (maji ya thamani zinazojulikana, ya kulinganishia vipimo) ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, chukueni tu, ni maji ya Ziwa Kyoga Uganda kabisa, na thamani zake ziko juu ya sifuri, dyuteri (hidrojeni nzito) +32.8 na oksijeni-18 (oksijeni nzito) +4.95 kwa elfu. VSMOW2, maji rejea ya IAEA (shirika la kimataifa la nishati ya atomiki), yenyewe ni sifuri, sasa sampuli za ziwani zikipita hapo na huna rejea ya juu zaidi unabaki kukisia. Ubaya wake ampuli (kichupa cha kioo kilichozibwa) ni kadogo mno, mililita 5 hivi, na ukishaivunja shingo ndo basi tena, maji yanaanza kupotea na mvuke na vipimo vinahama, kwa hiyo msiimalizie kwenye kazi za kila siku jamani, itumieni kusahihisha tu maji yenu ya kazi, yale mnayolinganishia vipimo kila siku.